Bob Simmons: Fundi Aliyepatanisha Povu na Mti

Hujafa hujaumbika, walisema wahenga wetu, nasi tumezoea kuitumia methali hiyo kumwonya anayemcheka kilema. Leo, mpenzi msomaji, nataka tuitazame kwa upande wake wa pili. Nataka nikusimulie maisha ya kijana aliyevunjika mkono, na mkono ule ukambakia mgumu kama kasia, naye akaishi kuwapa watu chombo chepesi cha kupandia mawimbi.

Bila shaka umepata kuwaona ufuoni wageni wanaokwatia ubao mrefu kwapani, wakaingia nao baharini, wakalingoja wimbi, kisha wakasimama juu yake na kuteleza mpaka mchangani. Mchezo huo asili yake ni kwa watu wa visiwa vya Polynesia, na waliouendeleza zaidi ni wenyeji wa Hawaii, waliochonga mbao zao kwa miti ya kwao kama koa na wiliwili. Ulipofika California, Marekani, mafundi wa huko walitumia mti mwekundu wa misitu yao. Ubao mmoja uliweza kufika ratli 100, yaani kilo 45. Kuubeba tu mpaka majini ilikuwa kazi ya mtu mwenye mabavu.

Katika mji wa Los Angeles, California, ndiko alikozaliwa Robert Wilson Simmons, tarehe 29 Machi 1919. Wenzake walimwita Bob. Alipokuwa kijana alipatwa na uvimbe katika kifundo cha mguu wa kushoto, hata ikahofiwa kwamba mguu utakatwa. Akanusurika. Katika kuutia nguvu mguu huo akawa anapanda baiskeli, na siku moja akagongwa na gari, kiwiko cha mkono wa kushoto kikasagika. Madaktari wakauokoa mkono, lakini kiwiko hakikukunjika tena. Yasimuliwa kwamba ni pale hospitalini, kwa mgonjwa mwenzake, alipopata kwanza habari za kupanda mawimbi.

Fikiri, msomaji. Mchezo wa kupiga makasia kwa mikono miwili, naye ana mmoja na nusu. Mwingine angalitafuta mchezo mwingine. Simmons alitafuta ubao mwingine.

Walikuwa ni watu wa kupima na kuhesabu katika nyumba yao. Kaka yake, Edward, ndiye mmoja wa wavumbuzi wa kile kipimo cha waya kinachobandikwa juu ya chuma ili kujua kinavyolemewa na mzigo. Bob naye alisoma katika chuo cha ufundi na sayansi cha California, kinachoitwa Caltech, na akafanya kazi ya hesabu katika kiwanda cha ndege cha Douglas. Useremala wa mbao za mawimbi alianza kuuonja kwa Gard Chapin, mpanda mawimbi mashuhuri wa wakati ule. Baada ya Vita Kuu ya Pili alikipata kitabu cha Lindsay Lord, kilichotoka mwaka 1946, kinachoeleza mashua za kasi ambazo hazikati maji bali hupaa juu yake. Akakisoma kama mwanachuoni asomavyo sharhe, kisha akaanza kupima upana, kupindisha omo juu kidogo, na kukonda kingo za tezi. Baadhi ya mbao zake alizitia mapezi mawili ilhali wenzake walitosheka na moja.

Lakini umbo halikutosha. Uzito ndio uliokuwa adui. Wakati huo lilikwisha kupatikana povu gumu la polistirini, lile jeupe ambalo siku hizi hufungiwa redio na vyombo vya kioo ndani ya sanduku. Povu hili ni jepesi kupita mti wowote na halizami. Pia ilikwisha kupatikana nguo ya nyuzi za kioo, yaani fiberglasi, ambayo hupakwa gundi ya rezini ikakauka na kuwa ngumu kama kigae. Mtu angedhani kazi imekwisha: chonga povu, livike nguo, paka gundi. Walakini vitu hivi viwili havikai nyumba moja. Rezini ya wakati ule, ikiligusa povu hilo, hulila na kuliyeyusha mpaka likabaki shimo.

Hapa ndipo Simmons alipofanya kazi ya msuluhishi. Kufikia mwaka 1949 alikuwa akitengeneza mbao zenye povu katikati, na baina ya povu na rezini ameweka gamba la mti. Rezini ikaukuta mti, mti ukalikinga povu, na kila mmoja akaishi kwa amani.

Sasa, gamba la mti gani? Hili ndilo swali ambalo kila fundi wa chombo, awe wa Lamu au wa California, hana budi kulijibu kabla ya kushika msumeno. Kwa uso wa juu na kwa tumbo la ubao, Simmons alichagua plaiwudi nyembamba. Plaiwudi ni matabaka yaliyogandishwa huku nyuzi za moja zikikingama na za jingine, hivyo haipasuki kwa urahisi mguu unapoikanyaga. Matabaka mawili magumu yakitenganishwa na kitu chepesi, nguvu zake huzidi mno kuliko yakiwa peke yake. Waingereza waliijua siri hiyo wakati wa vita, walipounda ndege yao iitwayo Mosquito kwa plaiwudi iliyotiwa mti wa balsa katikati.

Lakini plaiwudi ina ila yake. Hukubali kupinda upande mmoja, na hukataa kupinda pande mbili kwa wakati mmoja. Jaribu kulifunga chungwa kwa kadi utaona. Kingo za ubao ni za mviringo, nazo hazifunikiki hivyo. Basi huko pembeni Simmons alitia vipande vya balsa, akavichonga mpaka vikaviringana. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusi na ya Kati, na huletwa zaidi kutoka Ecuador. Kwa ukoo ni jamaa ya msufi na mbuyu wetu. Mita moja ya ujazo ya balsa kavu aghalabu ni kama kilo 160, ilhali mvule hupita kilo 600. Ni laini, huchongeka kwa kisu, lakini hunywa maji. Kwa hiyo juu ya yote hakukosa kuvaa fiberglasi, mfano wa jahazi letu lisivyoshuka majini bila kukalafatiwa.

Mbao hizo alizifanya pamoja na mafundi vijana, Joe Quigg na Matt Kivlin. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ndefu, na wengi waliona ni rahisi kuchonga balsa tupu na kuivika fiberglasi. Simmons hakuzaa shule ya wanafunzi. Alikuwa mtu wa peke yake, akilala ndani ya gari lake kuukuu ufuoni na kuchungua wimbi moja baada ya jingine.

Tarehe 26 Septemba 1954 aliingia majini Windansea, pwani ya La Jolla, kusini mwa California. Bahari ilikuwa imechafuka. Enzi hizo hapakuwa na kamba ya kumfunga mtu mguuni na ubao wake. Akatengana nao, na inasadikiwa kwamba ubao ulimpiga kichwani. Mwili wake ulipatikana siku chache baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 lilitokea povu jingine, la poliyurethani, ambalo haliliwi na rezini, na gamba la mti likasahauliwa. Lakini Desemba 2005, kiwanda cha Gordon Clark kilichowauzia mafundi wengi wa Marekani povu hilo kilifungwa ghafla. Mafundi wakalirudia povu la polistirini, safari hii kwa gundi ya epoksi isiyolila, na wengine wakarejea kuliviringia gamba la balsa, la paulonia au la mwanzi. Gamba halihitajiwi tena kuwa ukuta, bali linatakiwa kwa nguvu zake na kwa namna linavyochezea wimbi.

Mnunuzi hupenda kuuliza ni mti upi wenye rangi nzuri. Simmons aliuliza mti huu utakaa wapi, utapinda vipi, na utamkinga nani na nani. Mwenye mkono mgumu ndiye aliyejua thamani ya chombo chepesi, na chombo hicho leo hubebwa hata na mtoto.