Safari ya Sayyid Ahmad bin Sumeit

Sayyid Ahmad bin Abi Bakr bin Sumeit alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1277 wa Hijra, nao ni 1861. Mwalimu wake wa kwanza ni baba yake. Kabla hajatimiza miaka 25 Sayyid Barghash alimpa ukadhi wa Unguja. Cheo kama hicho ni mtihani kwa kijana, maana watu hudhani mwenye kuhukumu hana tena la kusoma.

Basi yeye aliuacha. Yapata mwaka 1885 alisafiri mpaka Istanbul, mji wa lugha ya Kituruki na madhehebu ya Hanafi, naye ni Mshafii. Akafikia kwa Sharifu Fadhl Pasha bin Alawi, ambaye naye alikuwa mgeni huko, kwani Waingereza walimtoa kwao Malabar mwaka 1852. Aliyekuwa kadhi akakaa tena mbele ya shekhe. Sultani Abdul Hamid alimpa nishani ya Majidi. Lakini hakutoka Unguja kwa ajili ya nishani. Akashika njia tena, Misri, Makka, hata Java, akiwaendea wanavyuoni.

Alirejea Unguja mwaka 1888, Barghash akiwa amekwisha fariki, akarudishiwa ukadhi. Alifariki mwaka 1925, Mwenyezi Mungu amrehemu. Na mwanafunzi wa Kwamsisi afunguapo Minhaj ya Imamu Nawawi, akakwama penye al-adhhar na al-asahh, atayakuta yamefafanuliwa katika al-Ibtihaj, kitabu cha Sayyid Ahmad.