Alexander Borodin: Mkemia aliyetunga muziki siku akiumwa

Kama uliwahi kuusikia ule wimbo wa rapa Warren G wa mwaka 1997, "Prince Igor", unaikumbuka ile sauti ya mwanadada Sissel inayopanda juu kwenye kiitikio. Sasa sikia hii: aliyetunga melodi ile alikuwa profesa wa kemia, na muziki kwake ulikuwa kitu cha kufanya akipata nafasi.

Jina lake Alexander Borodin. Alizaliwa St Petersburg, Urusi, Novemba 1833, na maisha yake yalianza kwa siri. Baba yake alikuwa mwanamfalme mwenye asili ya Georgia, mzee wa miaka 62. Mama yake alikuwa binti wa miaka 25 ambaye hawakuoana. Ili kuficha aibu, mtoto akaandikishwa kuwa ni wa mtumishi wa mzee, Porfiry Borodin, mtwana aliyemilikiwa kama mali. Kwa hiyo kisheria mtoto naye akawa mtwana wa baba yake mwenyewe! Mzee alimwacha huru kabla hajafa. Mama alimlea vizuri tu, ila mbele za watu alimwita shangazi.

Utotoni alijifunza filimbi, piano na selo. Akiwa na miaka tisa akatunga polka. Wakati huohuo nyumbani alikuwa anachanganya kemikali.

Kazi aliyoichagua ni sayansi. Alisomea udaktari, akapata shahada ya uzamivu 1858, na 1864 akawa profesa. Mwalimu wake, Zinin, aliyemwandaa awe mrithi wake, alimwonya mbele za watu apunguze mambo ya nyimbo. Hakupunguza.

Muziki huohuo ndio uliompa mke. Mwaka 1861, akiwa masomoni Heidelberg, Ujerumani, alikutana na Ekaterina, mpiga piano Mrusi aliyekwenda huko kutibiwa kifua. Mwaka uliofuata, aliporudi nyumbani, akakutana na Balakirev na kuingia kwenye kundi la watunzi watano. Mmoja alikuwa mhandisi wa jeshi, mwingine karani wa serikali, mwingine ofisa wa majini. Yaani karibu wote walikuwa na ajira nyingine, na bado ndio waliobadilisha muziki wa Urusi.

Tatizo lilikuwa muda. Nyumba yake ilikuwa ndani ya chuo, karibu kabisa na maabara. Rafiki yake Rimsky-Korsakov alisimulia kwamba katikati ya maongezi Borodin angeruka kitini kukimbilia maabara kuangalia kama kuna kitu kimeungua, huku akiimba njia nzima. Ndugu na wageni walijaa nyumbani, wengine wakilala kwenye makochi, na akishindwa kupiga piano kwa kuogopa kuwaamsha. Utunzi ulibaki wa likizo, au siku anaumwa na hawezi kwenda kufundisha. Ndiyo maana wenzake walikuwa wakimwombea augue.

Mwaka 1869 alianza opera yake ya Prince Igor. Ikawa ya kushikwa na kuachwa. Mwaka 1879 ngoma zake za Wapolovtsi zilitakiwa kwenye tamasha na hazikuwa tayari, basi wakakaa watu watatu usiku kuziandika kwa penseli. Ili maandishi yasifutike, Borodin alipaka karatasi jelatini, kisha wakazianika kwenye kamba kama nguo. Mkemia ni mkemia!

Ni rahisi kumlaumu kwamba alipoteza kipaji. Mimi sioni hivyo. Mwaka 1872 alieleza mmenyuko wa aldol, ambao wakemia wanautumia mpaka leo. Kuanzia mwaka huohuo alisaidia kuanzisha masomo ya udaktari kwa wanawake St Petersburg, akawafundisha kemia na kuhangaikia karo zao, mpaka serikali ilipoyabana na kuyafunga miaka ya 1880. Hizo saa zilizoibwa kwenye opera zilikwenda kwa watu.

Februari 27, 1887, kwenye sherehe ya densi chuoni, alivaa mavazi ya asili ya Kirusi, akacheza, akacheka. Ghafla akaanguka. Moyo. Alikuwa na miaka 53, na opera ilikuwa haijaisha baada ya miaka 18.

Rimsky-Korsakov na kijana Glazunov wakakusanya makaratasi na kuimalizia. Ufunguzi wake haukuwa umeandikwa, Glazunov akautoa kichwani, maana aliwahi kumsikia marehemu akiupiga kwenye piano. Prince Igor ikaonyeshwa Novemba 1890.

Melodi zake zilivuka bahari. Wamarekani walizitumia kuunda tamthilia ya muziki iitwayo Kismet, na mwaka 1954 Borodin akapewa Tuzo ya Tony, miaka 67 tangu azikwe.