Babu, na nyumba yetu iliyogawika

Nyumbani kwetu Maskati jina la Abdulrahman Mohamed Babu lilikuwa halitajwi marehemu baba akiwapo. Ami yangu, aliyekuwa kijana wa Umma Party, akingoja kaka yake atoke kwenda msikitini ndipo atuhadithie. Kwa hiyo nimemjua Babu nusu kwa baba, nusu kwa ami.

Alizaliwa Unguja mwaka 1924. Mwaka 1951 alikwenda London kusoma, akarudi 1957 na fikra za Kimarx, akawa Katibu Mkuu wa Hizbu. Matawi ya mitaani na vijana wa chama, nyingi ya kazi ile ilikuwa yake. Hilo hata baba hakulikataa. Mwaka 1962 Waingereza walimfunga kwa uchochezi. Alipotoka, 1963, akahitilafiana na wakubwa wa chama, akajitoa na kuunda Umma. Uchaguzi wa Julai ukawapa Hizbu na ZPPP viti 18, ASP viti 13, na huku ASP ndio waliopata kura nyingi zaidi. Serikali iliyosimama juu ya hesabu kama hiyo, kwa maoni yangu, haikuwa na haja ya kuongeza maadui.

Ikawaongeza. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba. Mwanzoni mwa Januari Umma ikapigwa marufuku, na Babu akakimbilia Dar es Salaam. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 serikali ikaanguka, haikufika hata siku arubaini. Ami alikuwa akikazania kuwa Babu usiku ule hakuwapo Unguja. Ni kweli. Baba alikuwa na lake: alirudi akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na jamaa zetu wangali wakizikwa. Na hilo ni kweli.

Baada ya Muungano alikuwa waziri bara mpaka Februari 1972. Aprili Karume akauawa, Babu akatiwa ndani, na mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo bila ya yeye kuwapo. Bara haikumtoa. Alikaa jela miaka sita, akaachiwa 1978, akaishia ughaibuni akisomesha na kuandika.

Alifariki London, Agosti 1996, akazikwa Unguja. Khabari ilipotufikia Maskati, ami hakuweza kusema neno. Aliyeinua mikono kumsomea Fatiha alikuwa baba.