John Leal, daktari aliyetia klorini katika maji ya mji mzima

Tarehe 26 Septemba 1908, wakazi wa Jersey City nchini Marekani walianza kunywa maji yaliyotiwa chokaa ya klorini. Hawakuombwa idhini. Uamuzi ulikuwa wa daktari mmoja, John Leal.

Leal alizaliwa mwaka 1858 katika jimbo la New York. Baba yake, aliyekuwa daktari wa kikosi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, alipatwa na ugonjwa wa kuhara damu huko vitani. Maradhi hayo yalimtesa kwa miaka mingi, hadi akafariki mwaka 1882. Miaka miwili baadaye mwanawe alihitimu udaktari, kisha akawa ofisa wa afya mjini Paterson, jimbo la New Jersey.

Jersey City ilipata maji kutoka bwawa la Boonton, lililojengwa na kampuni binafsi. Mji ulifika mahakamani, ukilalamika kwamba kila mvua kubwa iliponyesha, maji taka ya makazi yaliyo juu ya mto yaliingia bwawani. Mwaka 1908 mahakama iliitaka kampuni ijenge mifumo ya kuyaondoa maji taka hayo, au itafute njia nyingine ya kuyafanya maji yawe salama.

Leal, mshauri wa kampuni hiyo, alichagua klorini. Mhandisi George Fuller alikamilisha mtambo kwa siku 99, ukahudumia takriban lita milioni 150 kwa siku. Dawa iliyotiwa haikufika hata sehemu moja kwa kila sehemu milioni moja za maji, lakini ilitosha kuua bakteria waletao homa ya matumbo.

Wakati huo, watu wengi waliihesabu kemikali katika maji ya kunywa kuwa ni sumu. Mji ulirejea mahakamani. Leal alihojiwa kwa kina, akashikilia kwamba yeye mwenyewe angekunywa maji hayo na kuwapa jamaa zake. Mwaka 1910 mahakama iliikubali njia yake, na miji mingine ikaifuata.

Leal alifariki mwaka 1914. Leo, kipindupindu kinapozuka, anayetia dawa ya maji katika ndoo yake hutumia kanuni ileile. Tofauti ni kwamba yeye huitia kwa hiari. Watu wa Jersey City hawakupewa nafasi hiyo.