Wasil bin Ata na Herufi ya Ra

Katika wanachuoni wa kale, Wasil bin Ata ndiye ninayemstaajabia zaidi kwa ulimi wake. Alizaliwa Madina mwaka 80 Hijria, yaani yapata 700, akahamia Basra akasoma kwa Hasan al-Basri, kisha wakatengana kwa mambo ya itikadi. Hayo siyaingilii leo. Alikuwa na kithembe: herufi ya ra haikumtoka sawasawa. Na pasi na ra, wasomaji, mtu hana Rabbi, hana Rasuli, hana hata Kurani!

Nasi mtoto chuoni akikwama kwenye ra, upesi twamwita mzito, tusiulize tena ana nini kichwani. Wasil hakupona kithembe chake. Lakini alikuwa na hazina ya lugha, na kila neno lenye ra alilitafutia mwenziwe: ngano hakuiita burr, aliiita qamh.

Yapata mwaka 744 alihutubu papo kwa papo mbele ya Abdallah bin Umar, liwali wa Iraki, pamoja na wasemaji hodari wa zama zile. Khutba nzima haikuwa na ra. Sura aliyoisoma humo ni Ikhlas. Hebu msomaji ipitie polepole. Bashshar bin Burd, mshairi aliyezaliwa kipofu, alimsifu kwa mashairi.

Wasil alifariki mwaka 748. Habari zake zilihifadhiwa kitabuni na Jahiz wa Basra, ambaye naye twamjua kwa lakabu tu, aliyopewa kwa macho yake yaliyotokeza.