Koitalel na Jina la Watu Wake

Mimi ni mtu wa pwani ninayekaa Githurai 45, upande wa Ruiru, mtaa ulioitwa kwa nambari ya matatu ziufikiazo kutoka Nairobi. Majina ya kupewa na wapita njia hayaishii hapa. Leo napenda kuwaelezeni, wasomaji wapenzi, maisha ya Koitalel arap Samoei, shujaa wa Wanandi, kwani jina la kabila lake yasimuliwa kuwa lilitoka kwetu.

Zamani watu hao wakijiita Chemwal. Wafanya biashara wa pwani walipokwenda bara na misafara yao, waliwakuta hawapitishi mgeni kwa urahisi. Wakawafananisha na mnandi, yule ndege mweusi wa majini mwenye ulafi wa samaki. Wazungu walipokuja wakaliandika jina hilo hilo. Huko Marekani nako, Wafaransa walichukua jina ambalo Walakota na Wadakota waliitwa na majirani zao, wakalikata, likabaki Sioux. Ilhali wenyewe hujiita kwa neno lenye maana ya marafiki.

Koitalel alizaliwa kiasi cha mwaka 1860. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot, yaani mkuu wa mambo ya dini na mtabiri. Ndiye asemekanaye kutabiri kuja kwa nyoka wa chuma atemaye moshi. Mwaka 1890 aliuawa na watu wake mwenyewe, wakimlaumu kwa maafa yaliyowafika. Koitalel akagombea cheo na nduguye Kipchomber, akakipata.

Tangu mwaka 1895 aliwaongoza Wanandi kupambana na Waingereza muda wa miaka kumi. Vijana wake walikata nyaya za simu wakafanya mapambo, na vyuma vya reli wakafua silaha.

Tarehe 19 Oktoba 1905 afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, alimwita kwa mazungumzo ya amani, kisha akampiga risasi, akafa pamoja na wafuasi wake. Wanandi wakashindwa, wakapokonywa sehemu ya ardhi yao. Fimbo zake tatu za ukuu, zilizochukuliwa siku ile, zilirudishwa Kenya mwaka 2006.

Suratul Hujurat yatukataza kuitana kwa lakabu za kudharauliana. Jina la Wanandi sasa lina heshima, lakini heshima hiyo haikutoka kwa aliyelitunga. Koitalel na wenzake waliinunua kwa damu. Basi sisi wa pwani tulitamkapo, na tulitamke kwa adabu.