Semei Kakungulu, Rais wa Lukiiko ya Busoga

Soma wasifu ufuatao kwa makini. Unaposoma, zingatia vitenzi vilivyo katika kauli ya kutenda na vile vilivyo katika kauli ya kutendwa. Kisha jibu maswali yaliyo mwishoni.

Neno rais linapotajwa darasani, wanafunzi wengi huwakumbuka wakuu wa dola, kama vile Abraham Lincoln wa Marekani au viongozi wa nchi zetu tangu uhuru. Lakini mji wa Jinja ulikuwa na rais zaidi ya nusu karne kabla Uganda haijajitawala. Huyo alikuwa Semei Kakungulu, aliyeongoza Lukiiko, yaani baraza la machifu wa Busoga, tangu mwaka 1906 hadi 1913.

Kakungulu alizaliwa Kooki, kusini-magharibi mwa Buganda, yapata mwaka 1869. Akiwa kijana alikwenda Buganda, akaingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akasifika kwa uwindaji wa tembo. Alifuata dini ya Kiprotestanti, na vita vya kidini vilipozuka mwaka 1888 alitokea kuwa mmoja wa majemadari hodari wa upande huo. Ushujaa wake ulimpatia cheo cha Kimbugwe, kimojawapo cha vyeo vikuu vya ufalme. Hata hivyo, hakupatana na Katikiro Apolo Kaggwa. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kakungulu aliacha cheo chake, akaelekea mashariki.

Mwezi wa Aprili mwaka 1899, alishiriki pamoja na majeshi ya Waingereza kuwakamata Kabaka Mwanga na Mfalme Kabalega wa Bunyoro katika nchi ya Lango. Wafalme hao wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Baada ya ushindi huo, Kakungulu alivuka na wafuasi wake wenye bunduki hadi nchi iliyoitwa Bukedi. Alijenga ngome, alifungua barabara, alipanda migomba na kuwagawia wafuasi wake uchifu na ardhi. Aliamini kwamba Kamishna Harry Johnston amemkubali kuwa Kabaka wa nchi hiyo.

Ni lazima tuutazame upande wa pili pia. Wateso, Wagwere na Wagisu hawakuwa na wafalme. Waliongozwa na wazee wa koo zao. Ardhi iliyogawanywa ilikuwa na wenyewe. Waliopinga walishambuliwa, mifugo yao ikachukuliwa, na wengi wakatumikishwa katika ujenzi wa barabara na ngome. Lugha ya Kiganda ikawa lugha ya uchifu na ya kanisa, hata pale ambapo wenyeji hawakuielewa. Hivyo, kazi ambayo wengine waliiita maendeleo, wengine waliipokea kama uvamizi.

Mwaka 1902 mambo yaligeuka. Maafisa wa Kiingereza waliichukua ngome yake ya Budaka, naye akaondolewa madarakani. Aliyeteka nchi akanyimwa nchi. Badala ya ufalme alipewa maili za mraba 20 za ardhi huko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Hakukata tamaa. Alihamia huko na maelfu ya wafuasi wake, akapanda miti na migomba, na mahali palipokuwa pori pakawa mji. Haikuchukua muda mrefu, serikali nayo ikahamishia makao yake Mbale.

Mwaka 1906 alihamishwa tena, safari hii akapelekwa Jinja kuwa Rais wa Lukiiko ya Busoga. Cheo hicho kilikuwa na heshima, lakini mamlaka yenyewe yalibaki mikononi mwa Waingereza. Isitoshe, Busoga ilikuwa na machifu wake wa asili, ambao hawakupendezwa kuongozwa na mgeni. Mwaka 1913 urais wake ulikoma, naye akarudi Mbale. Miaka kumi baadaye, mwaka 1923, Kabalega aliruhusiwa kurejea nyumbani; akafariki dunia njiani, hapo hapo Jinja, katika mji ambao mmoja wa waliomkamata aliwahi kuwa rais wake.

Huko Mbale, Kakungulu aliipa kisogo serikali. Alijiunga na Wamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali. Alisoma sana Agano la Kale, akaona kwamba amri za Musa hazina budi kufuatwa. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, na alipoambiwa kwamba tohara ni desturi ya Wayahudi, aliamua kuwa Myahudi. Wafuasi wake wakajulikana kwa jina la Abayudaya. Mwaka 1922 alichapisha kitabu kwa Kiganda cha kuwaongoza katika imani hiyo. Alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1928, akazikwa karibu na Mbale.

Urithi wake haujafutika. Mji wa Mbale ungalipo. Urais wa Lukiiko ya Busoga ulikuja kushikwa na Msoga, Ezekieli Tenywa Wako wa Bulamogi, na kutokana nao kikapatikana cheo cha Kyabazinga mwaka 1939. Nao Abayudaya, ambao ibada yao ilipigwa marufuku katika utawala wa Idi Amin, bado wanaabudu katika sinagogi lao kwenye kilima cha Nabugoye.

Kauli ya kutendwa humwezesha mwandishi kumficha mtenda. Mwalimu anaposoma kwamba nchi ilitekwa na ardhi ikagawanywa, hana budi kuwafundisha wanafunzi wake kuuliza: ilitekwa na nani, na iligawanywa kutoka kwa nani? Maisha ya Kakungulu yanadai maswali hayo mara mbili: kwa yale aliyowatenda wengine, na kwa yale aliyotendwa yeye.

Maswali

1. Taja mzizi wa kila kitenzi: akaondolewa, akanyimwa, alipewa, alihamishwa.

2. Geuza kuwa kauli ya kutenda, ukimtaja mtenda: Mifugo yao ikachukuliwa.

3. Eleza matumizi ya kiambishi -ka- katika aya inayohusu mwaka 1902.

4. Neno rais huchukua upatanisho gani katika umoja na wingi? Tunga sentensi mbili.